Karatasi Moja, Klarineti Mbili



Katika fanfara na kwaya zetu swali hili hurudi kila mwaka: je, yafaa kupiga kwa klarineti ya namna moja muziki ulioandikwa kwa klarineti ya namna nyingine? Wenye kuuliza wamepata karatasi ya wimbo wanaoutamani. Juu yake pameandikwa «klarineti ya la», na mikononi mwao wana klarineti ya si bemoli tu, ile ya kawaida katika fanfara. Ya la hawana, wala hawatazamii kuipata karibuni. Je, waifungie karatasi kabatini na kungoja? Sisi tuliofundisha noti kwa miaka mingi, tukiwa na chaki nyingi na vyombo vichache, tunajibu: msingoje. Lakini jibu hilo lina masharti yake, nayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Mpigaji akisoma do na kuweka vidole vyake mahali pa do, klarineti ya do hutoa do kweli. Klarineti ya si bemoli hutoa si bemoli. Klarineti ya la hutoa la. Alama ni ileile, vidole ni vilevile, lakini sauti ni tatu. Watu wa kale hawakufanya hivyo kwa kupenda taabu. Klarineti za karne ya 18 zilikuwa na funguo chache, mara nyingi tano tu, na wimbo wenye dieze au bemoli nyingi ulikuwa mateso kwa vidole. Kwa hiyo mtunzi alichagua klarineti ambayo ingempa mpigaji karatasi nyepesi. Ala ilibadilishwa ili vidole vipumzike.

Mwenye klarineti moja hana nafuu hiyo. Akiwa na karatasi ya la na chombo cha si bemoli, kisha akapiga alama jinsi anavyoziona, atakuwa nusu toni juu ya wenzake wote, na masikio yataumia tangu noti ya kwanza. Imempasa kushusha kila noti nusu toni: palipoandikwa do, apige si. Wimbo ambao machoni haukuwa na dieze hata moja, sasa una dieze tano. Karatasi ya klarineti ya do ina nafuu: hupandishwa toni moja nzima, na dieze mbili tu huongezeka.

Njia za kufanya hivyo ni tatu. Ya kwanza ni kubadili noti kichwani huku unapiga. Hiyo ni kazi ya waliozoea. Ya pili ni kunakili wimbo wote upya kwa mkono, kila noti mahali pake papya. Ya tatu ni kumwomba mwenye kinanda cha umeme abonyeze kitufe kinachopandisha kinanda nusu toni, nawe upige karatasi kama ilivyo. Njia hii ya tatu hupendwa kwa sababu ni rahisi. Lakini angalieni: waimbaji nao watapandishwa pamoja na kinanda, na soprano aliyekuwa akiifikia noti ya juu kwa shida atashindwa kabisa. Mzigo haukutoweka, umehamia kooni mwa mwingine. Ala ikibadilika, lazima pawe na mtu anayefanya kazi ya badiliko hilo. Na haki yataka awe yule mwenye kuleta ala.

Sisi twawashauri wanaoanza washike njia ya pili. Tulimwona kijana mmoja akinakili kurasa nne kwa kalamu ya risasi, jioni tatu mfululizo, huku wenzake wakimcheka kwamba amegeuka karani. Siku ya nne, kabla hajapuliza hata noti moja, alikuwa ameujua wimbo kuliko wote. Alijua wapi unapumua na wapi unarudia maneno yake. Mkono ulikuwa umemfundisha yale ambayo jicho lingeyapita upesi.

Wengine watasema: «Kubadili ni kumkosea heshima mtunzi.» Wenye kusema hivyo wanalipenda jambo jema. Na tutazame basi konseto ya klarineti ya Mozart, iliyokamilika katika Oktoba 1791, miezi miwili hivi kabla ya kifo chake. Alimwandikia rafiki yake Anton Stadler, aliyekuwa na klarineti ya la isiyo ya kawaida: ilishuka nusu toni nne chini ya nyingine, toka mi ya chini hadi do. Leo huitwa klarineti ya baseti. Muswada wa Mozart umepotea. Konseto ilipochapishwa mwaka 1801, ilikuwa imekwisha kurekebishwa ili ipigwe kwa klarineti ya kawaida: vifungu vilivyoshuka mno vilipandishwa au kugeuzwa. Mwaka uliofuata, gazeti moja la muziki la Ujerumani lilisifu utunzi huo na kuonyesha wazi mahali palipobadilishwa. Kwa muda mrefu sana dunia iliijua konseto hiyo katika sura ya marekebisho, na wengi waliipenda mno. Kama wachapishaji wangengoja kila mpigaji apate ala ya Stadler, ni wangapi wangeisikia?

Tena kuna ajabu nyingine. Kurasa kadhaa za rasimu ya kwanza zimesalia, vipimo 199 vya mwanzo wa konseto. Humo Mozart hakuanza kwa klarineti ya la. Alianza kwa pembe ya baseti, ambayo licha ya jina lake ni ya ukoo wa klarineti, na wimbo ulikuwa katika sol. Baadaye mwenyewe aliuhamishia katika la kwa klarineti ya Stadler. Kumbe aliyekuwa wa kwanza kuhamisha muziki huu toka ala moja hadi nyingine ni mtunzi wake!

Hata hivyo tusiseme kwamba hakuna kinachopotea. Mwaka 1812 Iwan Müller alipeleka Paris klarineti ya si bemoli yenye funguo 13, akitumaini kwamba moja hiyo ingetosha kwa nyimbo zote. Kamati ya Conservatoire iliikataa, kwa kuwa, pamoja na mengine, kila klarineti ina rangi yake ya sauti. Neno hilo lina ukweli: klarineti ya la ni ndefu kidogo, na wapigaji wengi huisikia kuwa na sauti ya upole zaidi. Tena noti yake ya chini kabisa haipatikani kwa klarineti ya kawaida ya si bemoli. Inakosekana kwa nusu toni moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hapa hata ukiinama hukifikii. Basi noti hiyo ipandishwe oktava moja, au apewe mwenzako aliye na ala nzito.

Tunalowaomba, vijana, ni unyofu tu. Mkinakili, andikeni juu ya karatasi: «Uliandikwa kwa klarineti ya la, umehamishwa kwa klarineti ya si bemoli.» Palipogeuzwa, tieni alama ndogo ya msalaba. Konseto ya Mozart iliumia kwa sababu marekebisho yake yalibaki na muswada ukapotea, hata wataalamu wa siku zetu wakalazimika kukisia vifungu vya chini vilivyokuwa. Ninyi msimwachie mwenye kuja nyuma kazi ya kukisia. Siku moja huenda klarineti ya la ikafika parokiani, na mdogo wenu atakayeishika atafungua karatasi yenu, aone msalaba, na kuirudisha noti mahali pake. Mpaka siku hiyo, chongeni kalamu na kuanza ukurasa wa kwanza.