Makaa, Vifuu au Gesi: Nyama ya Idi na Amana ya Moto



Wapendwa wasomaji, kila inapokaribia Idi ya kuchinja, swali lile lile hurudi barazani petu hapa Majengo: mishkaki ya mwaka huu tuichome kwa moto gani? Huyu husifu makaa, yule husifu gesi. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa makaa, wala sikutaka mjadala, mpaka usiku mmoja uliponitia adabu.

Ilikuwa Idi, na mvua ikateremka magharibi nyama ingali wavuni. Nikaliingiza jiko ukumbini, nikafunga milango na madirisha. Makaa yalikuwa yameiva, mekundu, hayana moshi. Nikaona hapana dhara. Niliporudi kutoka msikitini baada ya Isha, nilimkuta mama watoto ameketi chini ameshika kichwa, na mjukuu wetu ametapika, hataki kufumbua macho. Nikaisingizia nyama. Jirani aliyekuja kutupa mkono wa Idi ndiye aliyepiga ukelele: "Maalim, toa jiko! Fungua milango!" Tukawabeba uani, kisha hospitalini. Alhamdulillahi, wakapona.

Daktari alitueleza kwamba makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kukosekana kwa moshi, basi, si dalili ya usalama. Nami niliyewasomesha watoto kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha moto uzimwe kabla ya kulala, na kwamba Qur'ani imetukataza kujitia wenyewe katika maangamivu, nilikuwa nimeisoma ilimu hiyo pasi na kuifanyia kazi.

Tangu hapo nimezitazama nishati kwa jicho jingine. Makaa hutoa joto kali na la kudumu, na jiko la bati lenye udongo ndani huyatumia kwa uchache kuliko jiko la bati tupu. Lakini hayo ni ya uani, penye hewa wazi. Tena nyuma yake mna miti: Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya gunia ilipanda, nasi tukakumbuka kwamba makaa hayaoti sokoni.

Vifuu vya nazi ni urithi wa Pwani. Huwaka haraka na kwa ukali, wala havikatiwi mti; vyafaa nyama ya vipande vidogo. Kasoro yake ni moshi wa mwanzo na kuwahi kwisha. Ngoja ndimi za moto zitulie ndipo uweke mishkaki.

Gesi huwashwa na kuzimwa kwa mkono mmoja. Wasemao kwamba haina ladha wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya harufu ile tuipendayo hutokana na mafuta ya nyama yanayodondokea penye joto. Bei yake nayo imeyumba na kodi: Julai 2021 ilitozwa asilimia 16, ikateremshwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa mwaka 2023. Na ina hatari yake: ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Upake mpira na kiungo chake povu la sabuni. Likifura, funga mtungi. Umeme, kwa akaaye ghorofani asiye na ua, ndio wenye salama zaidi, ijapokuwa tokeni huenda mbio.

Hukumu yangu ni hii: mwenye ua na achome kwa makaa au vifuu, aketi na moto wake mpaka aumwagie maji, asiye na ua na atumie umeme, au gesi penye dirisha wazi. Na nyumba zetu zimebanana. Moshi wako ni wa jirani pia. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi ili majirani wapate. Asiyempelekea jirani mshikaki, basi asimpelekee moshi.

Jiko langu la makaa ningali nalo. Mvua ikinyesha sasa, nyama hungoja kesho.

Wabillahi tawfiq.