Picha Isiyo na Kitu

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Buger, leo nikupeleke kwa maneno, maana najua miguu yako ina kazi shambani. Buger ni kata ya Wilaya ya Karatu, katika nchi ya juu ya Wairaqw, nchi ya mahindi, maharage na mbaazi. Upande wa mashariki nchi hiyo inakatika ghafula: huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Chini yake, mbali kabisa, limelala Ziwa Manyara.

Usicheke nikikuambia kwamba huenda huko kupiga picha za bahari. Asubuhi ya mawingu ng'ambo ya ziwa haionekani. Hata mlima Losimingori, ambao siku ya jua husimama wazi kaskazini mashariki, hufichwa wote. Hapo hubaki vitu viwili tu, maji na mbingu, wala hujui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Hakuna mtumbwi, hakuna mnyama, hakuna mtu. Picha ya namna hiyo ndiyo niitafutayo.

Mimi ni karani wa parokia, na kamera yangu ni simu ya mkononi. Nawe ukitaka kujaribu, ondoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Msitu wa Marang siku hizi ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, basi usiingie bila ruhusa. Tafuta penye uwazi nje ya mpaka. Jua litatokea mbele yako, juu ya ziwa, na simu itababaika: ama maji yatakuwa meusi kama masizi, ama mbingu itakuwa nyeupe kama karatasi. Gusa kioo cha simu pale wingu linapong'aa zaidi, nayo itapunguza mwanga. Shika mkono sawa, mstari wa maji usiinamie upande. Kisha ngoja. Wingu likipasuka, mwanga huanguka juu ya maji kama sarafu, ukahama kabla hujahesabu ishirini.

Taabu hii ya mbingu ni ya zamani. Mnamo miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari zilizompa sifa kubwa. Vioo vya dawa vya siku zile vilipokea mwanga wa mbingu upesi kuliko wa maji, hata mawingu yakapotea. Basi mara nyingine alitumia vioo viwili, kimoja cha bahari na kimoja cha mbingu, akaviunganisha kuwa picha moja. Naye Mjapani Hiroshi Sugimoto alianza mwaka 1980 kupiga bahari za nchi nyingi, kila picha nusu maji, nusu mbingu, basi. Watu husafiri kwenda kuzitazama.

Watu wa nyumbani kwangu hawakusafiri. Niliwaonyesha picha zangu baada ya chakula. Mdogo wangu akauliza, "Kiko wapi ulichopiga?" Mama akauliza kama simu imeharibika. Nami nikanyamaza, maana sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja kwa mzee mmoja jirani yetu. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, naye alinikuta njiani nikitoka ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Hebu nione hiyo bahari yako."

Nikampa simu. Akaikinga na mwanga kwa kofia yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole chini ya picha, mahali palipokuwa na mstari wa kahawia ndani ya maji. Mstari huo ulikuwa umeniudhi. Nilikusudia kuukata nifikapo nyumbani.

"Huu ni nini?"

"Ni tope la mto, mzee. Mvua ya juzi."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi hapa kuna kitu. Hili ni shamba langu."

Wala hakuwa akitania. Mvua ile ilikuwa imechukua mahindi yake pamoja na udongo. Mwenye trekta alikuwa amelima kwa kufuata mteremko, juu kwenda chini, kwa sababu ndivyo kazi huisha upesi, na kila mfereji ukawa njia ya maji. Maji ya upande wetu hushuka kwa Mto Endabash na vijito vingine mpaka ziwani. Na Ziwa Manyara, msomaji, halina mto wa kutoka. Maji hupaa kwa jua. Magadi na tope hubaki. Kina chake ni mita chache tu, na miaka ya ukame hurudi nyuma sana, likaacha uwanda mweupe. Kila kikapu cha udongo tunachokipoteza huku juu kinalijaza huko chini. Tunapoteza shamba, na heroe wanapoteza maji, kwa kosa hilohilo moja.

Mstari ule sikuukata.

Baada ya mavuno mzee alipima makinga maji ya kukata mteremko, akapanda mabingobingo juu ya matuta yake. Vijana wake walinung'unika kwamba ardhi ya kulima imepungua. Korongo la zamani bado lipo, lakini msimu uliofuata mahindi yalisimama mahali yalipopandwa.

Mimi naendelea kwenda ukingoni. Kila masika mstari wa kahawia naukuta palepale, kwa kuwa vilima ni vingi na shamba la mzee ni moja. Nawe, hata kama kwenu hakuna ziwa, upo mto au kijito. Siku moja baada ya mvua kubwa nenda ukakitazame, na kama una simu kipige picha. Ionyeshe nyumbani baada ya chakula. Wakikuuliza kiko wapi ulichopiga, weka kidole kwenye tope, uwaulize ni shamba la nani.