Jiwe Halina Ulimi

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, niliwapeleka wanafunzi wangu Fukuchani, kaskazini ya Unguja, kuyatazama magofu yaliyo karibu na pwani inayoelekea kisiwa cha Tumbatu. Magofu hayo yamezoeleka kuitwa Nyumba ya Wareno. Nami, kwa kuwa jina lilinitosha, nilisimama mbele ya mlango wenye tao nikasema kwamba nyumba ile ilijengwa na Wareno. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Maalim, kwani wakati huo sisi hatukujua kujenga?" Nilimjibu kwamba wazee wetu walikaa katika vibanda vya miti na udongo tu. Wanafunzi wakaliandika jibu langu katika madaftari yao. Mpaka leo jibu hilo hunitia haya.

Kwani ukweli ni mwengine. Wataalamu wa mambo ya kale walioichunguza nyumba ile wameonyesha kwamba ni nyumba ya Waswahili ya karne ya 16. Kuta zake ni za mawe na chokaa, matao ya milango yake yamechongwa kwa matumbawe, na ndani mna vidaka kama vile vinavyoonekana katika majumba ya kale ya mwambao wetu. Aidha, katika ardhi hiyo hiyo ya Fukuchani yamepatikana mabaki ya kijiji kilichokuwapo tangu karne ya 7 hivi, yaani karne nyingi kabla Vasco da Gama hajafika katika bahari zetu mwaka 1498. Kumbe, kwa sentensi moja, nilikuwa nimewanyang'anya mafundi wale kazi ya mikono yao na kuwapa watu wengine.

Nilikumbuka kosa hilo siku nilipoombwa kusaidia mafunzo ya watumishi wanaolinda magofu na kuwatembeza wageni. Tulikutana Mji Mkongwe. Wengi wao walikuwa wamefagia na kufyeka sehemu hizo kwa miaka mingi, wakazijua kuliko mimi. Hawakupungukiwa na maneno. Walichohitaji ni mizani ya kuyapimia. Mmarekani Freeman Tilden, aliyechapisha mwaka 1957 kitabu kilichokuja kutumiwa sana na watumishi wa hifadhi za nchi yake, alishikilia kwamba kumfasiria mgeni si kumjaza habari, bali ni kumwamsha apate kufikiri. Lakini mtu hawezi kumwamsha mwenziwe kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hajalipima.

Basi tulikubaliana juu ya maswali matatu ya kuulizwa mbele ya kila gofu. Kwanza, jiwe lenyewe linaonyesha nini? Pili, waliolichunguza wamegundua nini? Tatu, wazee wa hapa wanasimulia nini? Mtembezaji mwema huyatoa majibu yote matatu, na kila jibu hulitaja kwa mwenyewe, asiyachanganye kama mchele na chuya.

Hapo mzee mmoja, mlinzi wa siku nyingi, akanyanyua mkono. "Maalim," alisema, "mambo haya nimeyapokea kwa marehemu baba yangu. Nikiyakanusha mbele ya wageni, si nitakuwa nimemwita baba yangu mwongo?"

Chumba kizima kikanyamaza. Kwa hakika swali lile lilikuwa zito kuliko somo langu lote. Nilimwambia kwamba hakuna anayemtaka amkanushe mzazi wake. Jina la Nyumba ya Wareno nalo ni la kale, na linatufunza jinsi habari za Wareno zilivyokaa katika vinywa vya watu. Aliseme jina hilo, na aseme amelipokea kwa nani. Kisha amwonyeshe mgeni tao na kidaka. Heshima kwa wazee haivunjwi na ukweli. Huvunjwa tunapowasingizia kwamba hawakuweza kujenga.

Mchana tulitoka tukaenda Ngome Kongwe, kwa sababu niliogopa tusije tukaacha kosa moja tukashika jingine. Pale Wareno walikuwa na kanisa lao. Baada ya Waomani kuwatoa mwishoni mwa karne ya 17, ngome ilijengwa mahali hapo, na mabaki ya kanisa yakawa sehemu ya ukuta wake. Basi hapo tuseme Wareno, kwa kuwa ndio. Fahari ya taifa haihitaji kuficha alama za wageni. Inahitaji kila mtu apewe chake.

Siku zilizofuata tulizungumza juu ya kusini ya kisiwa. Kule Unguja Ukuu mtembezaji hupenda kuwaonyesha wageni vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na China. Ni haki yake, maana ni ushahidi wa biashara ya mbali. Lakini asiviruke vigae vya vyungu vya wenyeji, ambavyo ndivyo vingi zaidi, kwani bila mpishi wa chungu kile hapangekuwa na mji wa kupokea wafanyabiashara. Na msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, si gofu hata kidogo. Watu wanasali humo. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, na mtembezaji anapaswa kulisema hilo pia, kwa sauti ya chini, viatu vikiwa nje.

Mwisho wa mafunzo tulikwenda Fukuchani. Yule mzee aliomba aanze yeye. Alisimama pale pale niliposimama mimi zamani, akasema, "Nyumba hii tunaiita ya Wareno, ndivyo nilivyosikia kwa baba yangu. Lakini walioijenga ni mafundi wa kwetu. Karibuni muione kazi yao."

Walimu wenzangu, mnapowaleta wanafunzi mbele ya magofu yetu, yapimeni maneno kabla ya kuyatamka, maana kalamu zao ziko tayari. Wanafunzi wangu wa siku ile ni watu wazima sasa, na wengine wana watoto skuli. Siwezi tena kuyakusanya madaftari yao nikayasahihisha.