Mtaa Haumfukuzi Mtu

Wasee, kuna kitu nimekaa nayo miaka saba. Leo wacha niitoe.

Nilikuwa Form Two, shule moja ya kutwa huku Eastlands. Jina sitaji, hata ukiniuliza inboksi. Kwa ukuta wa ofisi ya deputy kulikuwa na karatasi ya makosa, na kila kosa lilikuwa na jibu moja tu. Simu: kufukuzwa. Hakuna onyo, hakuna maswali. Sisi tuliiita "kosa moja, nje".

Jumanne moja walimu wakafunga mlango wa darasa, wakaanza kusachi. Deskie wangu akapatikana na kabambe chini ya sweta, ile ya tochi, kioo kimepasuka. Mathe yake alikuwa anafanya kibarua Inda, na huko ukiambiwa ubaki zamu ya usiku unabaki. Alikuwa anampigia saa kumi, ndio kijana ajue kama ni yeye atapitia kumchukua dada yake mdogo kwa mama wa kulea watoto, Kayole. Hiyo simu ilikuwa na namba mbili tu. Hakuna mtu aliuliza ni za nani.

Kesho yake mathe akakuja. Alikaa kwa benchi nje ya ofisi tangu asubuhi hadi saa tisa, na pesa ya siku hiyo ikaenda hivyo. Alipoingia hakumaliza hata dakika tano. Kupitia dirisha tulisikia tu, "Mama, sheria ni sheria." Wakatoka geti, yeye na kijana wake.

Sasa hii sijawahi sema. Hiyo Jumanne mimi pia nilikuwa na simu, ndani ya soksi. Kengele ililia kabla wanifikie. Na yangu haikuwa ya dada wala mathe. Ilikuwa ya kubeti na kuangalia magoli. Nikanyamaza. Nikamaliza shule, nikafanya KCSE, na leo ni simu inanilipia rent. Kosa lilikuwa lile lile. Yeye akapoteza shule, mimi nikapata wafuasi.

Sitaki kuwachora walimu kama maadui. Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya 60, na nje ya geti kulikuwa na jamaa anauza ngwai akijifanya anauza njugu. Ukiwa mmoja mbele ya watoto 60, sheria isiyouliza maswali inakaa kama msaada. Na kuna makosa ya kuogopesha kweli: mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa humu nchini. Lakini kosa la kiberiti na kosa la kabambe haliwezi kuwa na jibu moja.

Na si mimi tu nasema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inasema mwanafunzi hafukuzwi mpaka njia zingine zote za kumrekebisha zijaribiwe ziishe, na yeye na mzazi wake wapewe nafasi ya kusikilizwa. Kusikilizwa, si kukalishwa kwa benchi. Mwaka wa 2019 shule ya upili ya Olympic, Kibra, ilimrudisha nyumbani msichana wa Form One juu ya rasta. Mzazi akaenda korti, na Septemba Jaji Chacha Mwita akaamua shule ilikosea, kwa sababu hizo nywele ni sehemu ya imani yake. Mathe wa deskie wangu hakujua njia kama hiyo iko. Hata mimi sikujua.

Na kuna kitu lazima tuambiane kuhusu huku kwetu. Ukifungiwa geti, hauendi nyumbani kutafakari. Nyumba ni chumba kimoja na mathe ako kazi. Unaenda beesi. Pale hakuna mtu anataka barua ya mzazi wala fee. Mtaa haumfukuzi mtu. Wengine wetu waliingia hapo na hawakutoka, na kila mtaa unawajua wake.

Deskie wangu alitoka. Siku hizi ako na nduthi, na mwezi uliopita alinibeba kutoka Donholm. Tukiwa tumesimama hapo kwa foleni nikamwambia ile stori ya soksi. Akacheka mpaka nduthi ikayumba.

"Buda, nilikuwa nimeiona. Deputy aliniuliza nani mwingine ako na simu. Nikamwambia sijui."

Hilo ndilo swali pekee aliulizwa.

Kama umeshikwa na kosa wiki hii, enda na mzazi, itisheni msikilizwe, na mtaje hicho kifungu cha 35. Na kama wewe ni mwalimu na umesoma mpaka hapa, kabla usaini hiyo barua, uliza tu: kwa nini? Hata dakika tano haziishi.