Mashine Nzima, Programu Imegoma

Ufundi wangu haukuanzia dukani. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa katika chumba cha seva cha taasisi moja ya utafiti Dar es Salaam, enzi ambazo Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliyotoka mara ya kwanza 2004, ilikuwa bado changa. Watafiti walichora ramani kwa kutumia kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba cha kiyoyozi, wenyewe wakiwa mezani kwao ghorofa ya juu. Malalamiko yao mengi yalifanana. Mtu anaandika jina la programu, anabonyeza Enter, na badala ya dirisha kufunguka unatoka mstari mmoja mkavu: "cannot open display".

Wengi waliilaumu ile kompyuta kubwa. Ilinibidi niwaeleze kuhusu X, mfumo uliozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na ambao umepangwa kinyume na mtu anavyotarajia. Kwa X, seva ni mashine iliyo mbele yako, yenye kioo, kibodi na mausi. Programu, hata ikiendeshwa kwenye lile jitu la chumba cha baridi, ndiyo mteja anayekuja kwako kuomba nafasi ya kuchora. Anwani yako anaisoma kwenye kigezo kiitwacho DISPLAY. Kikiwa kitupu, hana pa kwenda. Ukiingia kwenye ile kompyuta ya mbali kwa amri ya ssh tupu, hakijazwi. Ukiongeza -X, na kama huko unakoingia wameruhusu, ssh yenyewe inakijaza, mara nyingi localhost:10.0, na ramani inafunguka.

Aina ya pili ya malalamiko ilinisumbua zaidi. Mtu ameingia vizuri, kila kitu kinafunguka, kisha anajigeuza root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kwa amri ya su na programu zilezile zinamkataa. Huyo anwani anayo, alichokosa ni kibali, kwa sababu kibali kimehifadhiwa kwenye faili la .Xauthority la yule mtumiaji wa mwanzo. Vijana wenzangu walikuwa na dawa yao ya mkato: xhost +. Inafanya kazi, sikatai. Lakini inaondoa ulinzi wote, na yeyote anayeweza kuifikia seva yako ya X anaweza kunasa kila herufi unayobonyeza, nywila ikiwemo. Niliichukia amri ile na bado naichukia. Kama ni root wa mashine hiyohiyo unayetaka apite, mtaje yeye peke yake. Xhost inakuruhusu kufanya hivyo.

Baadaye niliacha ajira, nikafungua meza yangu Kariakoo. Huko hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari za X. Waliniletea laptopu za mtumba zinazowaka vizuri, zinazocheza filamu, ila programu moja tu imegoma. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kutengeneza katuni.

"Fundi, shikamoo. Nimeambiwa ninunue kioo."

"Marahaba. Aliyekwambia ameona nini?"

"Blender haifunguki. Inaleta maandishi, halafu inajifunga."

"Hayo maandishi umeyasomea wapi, mdogo wangu, kama si kwenye hichohicho kioo?"

Alicheka, tukaifungua. Blender 2.80, iliyotoka 2019, inadai OpenGL 3.3, yaani lugha ambayo programu huitumia kuiagiza chipu ya picha ichore. Laptopu yake ilikuwa na Intel HD Graphics 3000, chipu ya mwaka 2011, ambayo draiva yake ya Windows inaishia OpenGL 3.1. Hapo hata ungempigia Windows upya kila wiki, isingefunguka. Lakini chipu hiyohiyo, ikiendeshwa na draiva za Mesa kwenye Linux, inafika 3.3. Nikamwekea Ubuntu kando ya Windows yake na Blender ikafunguka. Ilikuwa nzito, ila aliondoka na katuni zake.

Kuna kesi nyingine ambazo huzalishwa na sisi mafundi wenyewe. Windows imepigwa upya bila intaneti, draiva ya chipu ya picha haikuwekwa, na kwenye Device Manager panasomeka Microsoft Basic Display Adapter. Kwa hali hiyo programu inapewa OpenGL 1.1, toleo la 1997. Mteja ataandika barua, atapiga hesabu, wala hatashuku kitu mpaka siku atakapofungua gemu au programu ya ramani. Dawa yake ni draiva sahihi ya chipu ile, iliyochukuliwa kwa aliyeitengeneza mashine.

Kwa hiyo, msomaji, programu ikigoma kufunguka usikimbilie kubonyeza OK. Upige picha ule ujumbe kwa simu, wote mpaka herufi ya mwisho, umpelekee fundi. Akikwambia ununue kioo kabla hajausoma, beba mashine yako uondoke.