Maji ya Moto ya Wageni

Ndugu msomaji, ukiiacha lami iendayo Ngorongoro pale Karatu mjini, ukashika njia ya vumbi jekundu kuelekea kusini, utafika kwetu Buger. Huku ni nchi ya vilima, ya mahindi, maharage na mbaazi. Karatu mjini pameinuka kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, nasi tulio vilimani hatuna haja ya kipimo: mwezi Julai ukungu hubisha hodi kabla ya muadhini.

Msimu huo ndio tuupatao wageni, na yataka macho mawili kuwatazama. Mzungu aliyeizoea baridi ya kwao hupita barabara kuu ndani ya gari la watalii, amevaa kaptula. Mfanyabiashara wa nafaka kutoka Pwani hushuka akiwa na makoti mawili, na kofia ya sufu iliyofunika masikio hata salamu haimfikii. Kati ya hao wawili hupita mwenyeji, blanketi begani na jembe mkononi, asiyemshangaa yeyote. Yeye baridi haikumjia kwa tiketi. Wamezaliwa nyumba moja.

Mgeni husema Buger ni pazuri mno, angependa kuishi hapa. Husema hivyo mwezi Agosti, njia ikiwa kavu. Mwezi Aprili, masika yanapoigeuza njia kuwa uji na pikipiki ikambeba mtu nusu ya safari, naye akaibeba nusu iliyobaki, hatumwoni wa kulirudia neno hilo.

Msikitini nako tofauti ni dhahiri. Sheria imemruhusu msafiri kupunguza rakaa, akiwa hajanuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka. Tunaye mgeni mmoja ambaye kila akiulizwa huondoka kesho, na kesho hiyo sasa ina wiki tatu. Adhuhuri ya baridi kali, wageni hushindana kwa unyenyekevu kutaka kutuswalisha, maana msafiri akiwa imamu humaliza kwa rakaa mbili, nasi wenyeji husimama kukamilisha mbili zetu. Alfajiri hakuna ashindanaye, kwani Alfajiri haina punguzo.

Na ni hiyo Alfajiri iliyotufundisha adabu. Kamati yetu, kwa kuwahurumia wageni, iliamua kuchemsha maji ya kutawadhia katika sufuria kubwa ya shughuli. Kuni zililetwa na akina mama wa hapa hapa, wakizibeba kichwani. Sisi wenyewe tuliwaonya vijana: hayo ni maji ya wageni, yasiguswe. Tulijiona wakarimu, na wageni walituombea dua ndefu.

Katikati ya msimu tuligundua kuwa mahali pa mzee wetu mmoja, katika safu ya kwanza, pamekaliwa na mtu mwingine. Mzee huyo alifyatua matofali ya msikiti huu tulipokuwa watoto wa madrasa. Tulinong'ona kwamba uzee umemzidi, na wengine, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulisema uvivu. Siku ya nane tukaenda kumtazama.

Tulimkuta ameketi motoni, akijikanda magoti. Baada ya shikamoo na kahawa ya tangawizi, tulimuuliza kilichomzuia.

"Wanangu," alisema, "maji ya baridi yananikamata viungo. Haya ya moto mmesema ni ya wageni. Nami si mgeni."

Hakulaumu. Alisema kama mtu aelezaye mipaka ya shamba. Tulitamani atugombeze, ingekuwa nafuu. Tulikuwa tumemheshimu aliyefika jana hata tukamfanya mjenzi wa nyumba ajione hana fungu ndani yake.

Jioni hiyo kamati ilikaa. Mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) yameweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na ziada yake ni sadaka. Wahenga nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulichagua shoka. Tulikubaliana kwamba sufuria ni ya wote, wazee na wagonjwa watangulie, na mgeni aliyepitisha siku tatu, mwenye afya, apasue kuni pamoja na vijana wetu.

Tulihofu wangenuna. Asubuhi ya kwanza, yule mgeni wa kesho isiyofika alishika shoka. Gogo la tatu akavua koti la kwanza. La tano, la pili. "Kumbe dawa ya baridi yenu mlikuwa mkiificha!" alisema, jasho likimtiririka, nasi tukacheka pamoja. Kisha akajaza birika maji ya moto, akamtilia mzee mikononi mpaka akamaliza udhu wake.

Ndugu msomaji, msimu utakwisha. Magari yatapungua barabarani, safu zetu zitarudi mbili, na wataokanyaga tope la Aprili kuja kuswali ni wale wale. Mgeni tumkirimu, ndiyo dini yetu. Lakini kabla ya kumpelekea sahani nzuri, na tutazame kwanza nani nyumbani mwetu amekaa kimya karibu na moto, akidhani zamu yake imekwisha.

Wabillahi tawfiq.