Jambia la Marehemu na Haki ya Binti Zake

Tulifika Migori alfajiri, baada ya usiku mzima ndani ya basi kutoka Nairobi kwa njia ya Narok na Kisii. Mji ulikuwa umelala. Waliokuwa macho ni vijana wa bodaboda na mwadhini. Tulikuwa tumealikwa kuozesha, na nikahi ikapita kwa salama, alhamdulillahi. Lakini lililotufanya tushike kalamu ni jambo jengine, tulilolikuta siku ya pili huko Homa Bay, nalo lilianza kama mazungumzo ya baada ya chakula cha arusi.

Sisi watu wa pwani tukitajiwa vita vya Mjerumani na Mwingereza, fikra zetu huenda Taveta na Tanga. Watu wa Nyanza Kusini wana vyao. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini, wakapita nchi hii na kuuteka mji wa Kisii. Tarehe 12 ya mwezi huo askari wa KAR wakapambana nao vilimani; Kapteni Thorneycroft aliyewaongoza akauawa, na Wajerumani nao wakarudi walikotoka. Huko Karungu, ufukweni mwa ziwa, ambako leo ni kaunti ya Migori, stima ya Waingereza iitwayo Winifred ilikabiliana na chombo cha Wajerumani kilichoitwa Muansa. Mzee mmoja pale arusini alitwambia kwamba babu yake alikuwa na singe ya vita hivyo, ikanolewa mwaka hadi mwaka mpaka ikawa kisu cha kuchinjia kuku. Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyeketi kando yetu hakucheka. Alitunong'oneza, "Sheikh, kwetu Homa Bay kuna jambia la vita, na limetutia fitina. Ukipata nafasi, pita."

Tukapita. Kutoka Migori barabara hupanda kupitia Awendo, penye miwa na malori yake, kisha Rongo, ndipo ukakata kuelekea ziwani. Ziwa halijitokezi kwa ghafula kama bahari yetu. Kwanza unasikia harufu ya omena zilizoanikwa, kisha unaona weupe chini ya vilima, kisha mlima Asego na mji umejikunja miguuni pake. Nyumba tuliyoitafuta ilikuwa karibu na hapo, ya mabati, ua umefagiwa vizuri. Mama mjane alitupokea kwa maji ya kunawa na uji wa wimbi, na watoto wake watano wakaketi mkekani: wanaume wawili, wanawake watatu.

Jambia lilitolewa na binti mdogo. Alikuwa amelizinga kwa kikoi cha babake. Urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Ala ya chuma cheusi, na juu yake tai aliyekunjua mbawa, ameshika fungu la fimbo lililofungwa pamoja na shoka. Hiyo ndiyo alama ya watu wa Mussolini. Babu wa nyumba hii alikuwa askari wa KAR, akaingia Habash mwaka wa 1941, mwaka ulioangukia Addis Ababa mwezi wa Aprili na Gondar mwezi wa Novemba. Alirudi nalo. Alipozeeka alimpa mwanawe kwa hiba akiwa hai, na huyo mwana ndiye marehemu aliyeacha mjane huyu na watoto hawa.

Majambia ya namna hii hayakuundwa kwa kupigania. Baina ya vita viwili vya dunia, Waitaliani na Wajerumani waliyavaa kwenye gwaride ili kuonyesha cheo, na kila tawi la jeshi na la chama lilikuwa na umbo lake. Ya Wajerumani mengi yalitoka katika mji wa Solingen. Vita vilipomalizika askari walioshinda wakayachukua kama ukumbusho, na kutoka hapo likazuka soko la wakusanyaji, ambalo halijafungwa hadi leo. Soko hilo lina ghushi nyingi. Yako mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi, na yako yaliyoungwa kwa vipande vya majambia tofauti. Mnunuzi ajuaye hutazama chapa ya mtengenezaji, hupima kama ubao wa jambia na ala yake ni vya asili moja, na hupenda kuona kutu ya zamani kuliko mng'aro wa jana. Mwenye nyumba akilisugua kwa mchanga ili lipendeze, huenda amelipunguzia bei kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa fitina. Marehemu alipokufa, ndugu waligawa kiwanja, ng'ombe na mashua. Jambia halikutajwa. Kaka mkubwa alisema silaha ni ya wanaume, akapokea arbuni ya shilingi elfu tatu kwa mnunuzi aliyetoka Nairobi, aliyemwambia kwamba ni chuma kikuukuu tu. (Na hiyo arbuni, katika madhehebu yetu ya Shafii, ina maneno yake.) Dada zake walijua habari hiyo kwa jirani.

Tuliwauliza: marehemu aliacha wazazi? Hapana. Deni? Limelipwa. Wasia? Hakuna. Basi hesabu ni nyepesi. Mama ana thumuni. Kinachobaki ni kwa watoto, mwanamume kwa sehemu ya wanawake wawili. Ukigawa mali mafungu manane, mama ana moja, kila mwana wa kiume ana mawili, na kila binti ana moja. Suratun Nisaa imeweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika kilichoachwa, kiwe kidogo au kingi. Haikuvua sindano wala jambia.

Kaka mkubwa akatujia na hoja ya kitabu, nasi tukafurahi kuona kwamba amesoma. Je, mafaqihi wetu hawakusema kwamba kupamba silaha kwa fedha ni ruhusa ya wanaume, wanawake hapana? Wamesema, na upanga wa Mtume, rehema na amani zimshukie, umepokewa kuwa na fedha kwenye kichwa cha mpini. Lakini hiyo ni hukumu ya kujipamba. Kumiliki ni mlango mwengine. Mwanamume hajipambi kwa dhahabu, na hakuna aliyesema kwamba asirithi bangili za mamake. Akanyamaza, kisha akasema, "Sheikh, hilo sikulifikiri." Tulimheshimu kwa neno hilo. Na mali ya ushirika mmoja haiuzi kwa niaba ya wenziwe bila ya ridhaa yao.

Mama ndiye aliyeuliza kama inafaa kulitundika ukutani. Kwetu pwani bwana arusi hufunga jambia kiunoni juu ya kanzu, Waomani wameliweka lao kwenye bendera, na mwaka wa 2022 UNESCO iliandikisha ufundi wake katika urithi wa wanadamu. Lakini lile ni pambo lenye adabu yake. Hili lilivaliwa na watu walioimwagia Habash gesi ya sumu mwaka wa 1935 na 1936, na hatuoni fahari ya kumtundika tai wao sebuleni. Tuliwaambia: likibaki, likae kasikini, mbali na watoto, na wajukuu waambiwe babu yao alikuwa upande gani.

Dada wawili walitaka liuzwe, baada ya kuonyeshwa mjuzi asiye mnunuzi. Binti mdogo hakutaka. Wakavutana mpaka adhuhuri, tukasali, wakaendelea. Mwishowe aliachia fungu lake katika ndama wawili waliokuwa hawajagawiwa, wenziwe wote wakaridhia mbele yetu, jambia likawa lake. Tuliandika karatasi, kila mmoja akatia sahihi, mama akatia kidole gumba.

Kaka mkubwa alitusindikiza hadi kituo cha matatu za Kendu Bay, elfu tatu za watu mkononi, akitafuta mahali pa kumtumia mnunuzi pesa zake.